Moto Aliouona Tata

Baba yangu alizinduka akasema amefika jehanamu, na kwa sababu hiyo mama yangu akaambiwa ahame nyumba yake.

Habari ilinikuta Nkwenda, kwenye duka la pembejeo ninakouza mbegu na dawa za mimea. Haikuletwa na mtu. Ilikuja kwenye simu, kwa sauti ya baba mwenyewe, Tata kama tunavyomwita, imetumwa na mwanamke nisiyemjua ambaye naye alitumiwa na mtu wa jumuiya yake. Juu ya sauti walikuwa wameandika: "Ushuhuda wa mzee aliyerudi. Sikiliza kabla hujachelewa." Niliisikiliza nimesimama katikati ya magunia, mteja akinikodolea macho.

"Nimeona shimo," Tata alikuwa akisema kwa Kinyambo, pumzi zikimkatika. "Linatoa moshi. Pembeni yake kuna watu. Nyuso sikuziona, niliona miguu. Miguu mingi, inakanyaga, inakanyaga, imeshikwa na majani, inachuruzika. Na joto. Na harufu, harufu tamu iliyooza. Halafu nikamsikia marehemu mdogo wangu Kahigi ananiita. Njoo, kaka, nafasi ipo."

Kisha ikaja sauti ya Cleophace, kaka yangu wa kwa mama mkubwa: "Tata, kwa hiyo umeiona jehanamu?"

Kuku analia kwa mbali.

"Ndiyo. Nimeiona."

Nilifunga duka. Omurushaka nilibadilisha pikipiki, na kabla jua halijapinda nilikuwa Rugu, kijijini kwetu.

Kibanja cha Tata ni kimoja, nyumba ni mbili. Ya juu ni ya Mama Mkubwa Dafroza, mke wa ndoa, aliyefungishwa kanisani kwa kengele na pete. Ya chini ni ya mama yangu, Salvina, aliyeingia baadaye bila pete wala kengele. Katikati kuna migomba na mistari ya kahawa. Tangu siku mama alipoingia kwenye ile nyumba ya chini, yeye na Tata hawajakomunika, hawajapokea Komunyo. Jumapili watu wakipanga foleni kwenda mbele, wao wanabaki kwenye benchi. Nimekua nikiwaona hivyo, wamekaa, wanatazama migongo ya watu.

Nilimkuta mama uani anamenya ndizi. Masufuria yake yalikuwa nje, yamepangwa juu ya gunia. Godoro lilikuwa limeviringishwa na kufungwa kwa kamba ya mgomba.

"Shikamoo, Mawe," nilimwamkia mama kwa Kinyambo.

"Marahaba. Umekula?"

"Vyombo vinafanya nini nje?"

"Vinahama."

"Vinahamia wapi?"

"Igurwa, kwa kaka yangu." Hakuinua macho kwenye kisu. "Padre anakuja jioni kumpaka Tata yako mafuta. Hawezi kumpaka mimi nikiwa humu. Huyo Tata yako atabebwa kupelekwa kwa Dafroza, mimi nitapanda pikipiki. Ndizi hizi ni za watakaombeba. Huwezi kuwatoa watu na njaa wamebeba mgonjwa."

Niliingia ndani kabla mdomo wangu haujasema kitu cha kumuumiza.

Tata alikuwa amelazwa kwenye kitanda cha karibu na dirisha. Ugonjwa wa sukari ulikuwa umemla mpaka mashavu, na mguu wa kushoto, ule ambao hospitali walitaka kuukata naye akagoma, ulikuwa umefungwa kwa khanga safi ya mama. Katekista wa kigango, Mzee Rogasian, alikaa kwenye kigoda na rozari mkononi. Cleophace alisimama mlangoni. Yeye ananunua kahawa Kayanga na anapenda kuja kijijini na viatu vinavyong'aa.

"Haya, wakili wetu amefika," alisema. "Tulikuwa tunashangaa kesi inaendeshwaje bila yeye."

"Ushuhuda uliusambaza wewe?"

"Niliwatumia watu wa jumuiya wamwombee. Walioutuma mpaka huko kwako Kyerwa ni wao."

Nilimwamkia Tata. Aliitikia kwa macho tu. Nikageukia kigoda. "Shikamoo, Mzee Rogasian. Nimesikia mama yangu anahama."

"Marahaba, binti. Hahamishwi na mtu. Baba yako ameomba kurudi kwa Mungu. Mtu hawezi kurudi kwa Mungu huku ameshikilia kilichomtoa."

"Kilichomtoa ndicho kilichomfunga huo mguu asubuhi ya leo?"

Alishusha pumzi. Si mtu wa makelele, Rogasian. Angekuwa wa makelele ningemshinda mapema. "Mguu utabaki ardhini, Jovitha. Mimi nashughulika na kinachoendelea mbele."

"Unajuaje kwamba kuna kinachoendelea kuungua huko mbele? Nani ameuona huo moto zaidi ya mtu aliyeanguka kwa sukari?"

"Bwana wetu aliutaja kwa mdomo wake."

"Alitaja mengi. Na wanawake waliokuwa wakitupwa nje aliwatetea. Hilo mbona mnalipita haraka?"

"Sikiliza anavyojibu," Cleophace alisema. "Anataka cheti cha jehanamu chenye muhuri wa kijiji."

"Nataka ushahidi unaotosha kumtoa mtu nyumbani kwake. Hakuna mahakama itakayomtoa mtu kwenye kibanja kwa ndoto ya mgonjwa."

"Si ndoto," Rogasian alisema. "Ndoto mtu huisahau akishanawa uso. Mtazame huyu. Mpaka leo anatetemeka, hataki taa izimwe. Na si yeye peke yake. Kabla padre hajakanyaga nchi hii, babu zetu walijua kwamba ubaya una mahali unapolipiwa. Ukienda kwa Wahindi, ukienda kwa Waislamu, utalikuta jambo hilo hilo. Watu wote hao wamedanganyika, wewe wa duka la mbolea ndiye unayejua?"

"Watu wote wanaogopa giza pia. Ukiwasha taa, unakuta kabati."

Cleophace alicheka bila kutaka. Rogasian hakucheka. Aliizungusha rozari kwenye vidole, na alipoanza tena, sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Unamkumbuka Rwezaura wangu?"

Nilimkumbuka. Tulisoma wote.

"Alikuwa anatoka shule. Lori lilimfuata pembeni, pembeni kabisa, kwenye nyasi, dereva amelewa. Baadaye niliwaona askari wa kesi wanaongea na yule dereva nyuma ya kituo. Walitoka wanacheka. Kesi ikafia hapo. Yule mtu bado anaendesha, Jovitha. Mwezi uliopita nilikuwa na baiskeli yangu barabarani, akanipigia honi nimpishe. Nikampisha." Alinitazama. "Sasa niambie wewe. Kama ule moto haupo, mwanangu analipiwa wapi?"

Nilitafuta jibu na sikulipata, na sitasema uongo kwamba nililipata baadaye. Lakini nje nilisikia kisu cha mama kikigonga sufuria.

"Na mama yangu ndiye aliyekuwa anaendesha lile lori?"

Alifumba macho kama mtu aliyerushiwa mchanga.

"Jovitha," Tata alisema kutoka kitandani. "Acha. Nimeona. Wewe hukuwepo."

Nilisogea nikapiga magoti karibu na kichwa chake. Alinuka sabuni. Mama alikuwa amemwogesha kabla ya kufunga vyombo vyake. "Basi niambie na mimi, Tata. Ile miguu, majani yaliyoishika yalikuwa ya namna gani?"

"Majani tu. Marefu."

"Nyasi?"

Alifikiri. "Nyasi."

"Na kilichokuwa kinachuruzika kilikuwa damu?"

"Hapana. Chepesi. Kama maji ya... Kilikuwa kinanata."

Nilimgeukia Cleophace. "Tata alianguka wapi?"

"Shambani."

"Shamba lipi?"

Aliangalia simu yake. Nikaenda mlangoni nikaita kwa nguvu mpaka kwenye kahawa: "Mama Mkubwa! Mama Mkubwa Dafroza!"

Alikuja taratibu, mkono mmoja kiunoni. Mgongo wake umepinda tangu nikiwa mdogo na ulimi wake umenyooka tangu kabla sijazaliwa. Alisimama kizingitini. Hakuwa na kawaida ya kuingia nyumba ya chini.

"Siku Tata alipoanguka," nilisema, "alikuwa wapi?"

"Kwenye kibanda changu cha pombe. Kwani hawakukwambia?"

"Walisema shambani."

"Kibanda kiko shambani," Cleophace alisema.

"Tulikuwa tunafukua ndizi," Dafroza aliendelea. "Moto wa pembeni ya shimo nilikuwa sijauzima, moshi umejaa humo ndani. Jirani yetu Nikuze na wenzake walikuwa kwenye mtumbwi wanakanyaga. Akaja baba yako na fimbo yake, ananibembeleza nimwonjeshe maji ya ndizi kabla hayajachanganywa na mtama. Hospitali walimkataza kitu chochote kitamu. Nilimpa kikombe." Alitazama sakafu. "Nilimpa na cha pili. Akaanguka, kichwa kikaelekea shimoni. Alilala pale huku wanawake wanahangaika juu yake, mpaka tulipomtoa nje."

Yeyote aliyekulia huku ameshaiona picha hiyo. Ndizi za rubisi, pombe yetu ya ndizi, zinavundikwa shimoni kwa moto na moshi, zikiiva zinamenywa, zinatiwa kwenye mtumbwi wa mti pamoja na nyasi, wanawake wanazikanyaga mpaka miguu ichuruzike. Na harufu yake ni hiyohiyo, tamu iliyooza.

"Mmesikia," nilisema. Nilikuwa na furaha, ile furaha mbaya ya kumshinda mtu. "Hiyo ndiyo jehanamu yenu. Rubisi ya Mama Mkubwa."

"Na Kahigi?" Rogasian aliuliza. "Kahigi naye alikuwa anakanyaga ndizi?"

Nilimgeukia Tata, lakini Rogasian hakuniachia nafasi.

"Halafu jiulize jambo lingine. Mungu akitaka kumwonyesha Mnyambo adhabu, atamwonyesha kwa kitu gani? Kwa treni? Atachukua kitu anachokijua. Shimo analijua. Moshi anaujua. Umethibitisha kwamba alichoonyeshwa kilitengenezwa kwa vitu vya hapa nyumbani. Hujathibitisha kwamba hakuonyeshwa."

Ningeweza kumjibu kwamba kwa hesabu hiyo hakuna kitu duniani kisichokuwa ushahidi. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Tata akanizuia kwa mkono.

"Lile shimo nililichimba mimi," alisema. "Nalijua lilivyo. Nilipozinduka nje niliona miguu ya Nikuze imejaa nyasi, nikajua. Msidhani sijui. Lakini niliogopa, Jovitha. Hofu ile haikuwa ya ndizi. Nimewahi kulala karibu na lile shimo nimelewa, mara nyingi, sikuogopa. Safari hii nilijua nikifa hivi nilivyo, siendi pazuri. Sina ushahidi. Nina hofu." Kisha, bila kugeuza kichwa, akaita: "Salvina. Chukua vitu vyako."

Mama alikuwa amesimama nyuma ya Dafroza na kisu mkononi. Alisema, "Ndiyo, waitu," kwa heshima ile ile ya kila siku, akaenda kunawa.

Nilimfuata nikamshika mkono nyuma ya jiko. "Mawe, wewe huyaamini haya."

"Nani kakwambia?"

"Utatupwa barabarani na godoro kwa sababu mzee aliona miguu ya Nikuze!"

"Naamini, Jovitha. Kila Jumapili nimekaa kwenye lile benchi, unadhani nilikuwa nawaza nini? Nikibaki humu, akafa, akachomwa, mimi nitaishi vipi?"

"Na wewe je? Wewe huna roho?"

"Yangu nitaipeleka Igurwa," alisema, akanitoa vidole mkononi mwake kimoja kimoja.

Wanaume wa jumuiya walifika na machela ya fito. Wakala ndizi zile wamesimama, haraka, bila kumtazama aliyezipika. Wingu lilikuwa limeanza kujenga upande wa Kituntu. Walipomnyanyua Tata walimshika vibaya, akatoa ukelele ulionipanda mpaka kwenye meno.

"Mguu!" mama alipiga kelele kutoka uani. "Inueni mguu kwanza! Wekeni mto chini ya goti!"

Wakahangaika. Hakuna aliyejua goti likunjwe vipi. Mwishowe mama aliingia, akawasukuma, akapitisha mkono mmoja chini ya paja na mwingine chini ya kisigino, na Tata akatulia kwenye machela kana kwamba hajaguswa. Halafu akamwachia na kurudi nyuma haraka, mikono ameificha ndani ya khanga. Rogasian aliliona lile. Nilimwona akiliona.

Msafara ukapanda kwenye migomba, Rogasian mbele akisali. Mama alishika njia ya chini kwenda barabarani, ambako pikipiki ilikuwa inasubiri. Nilisimama kwenye kahawa nisijue nimfuate nani. Nikafuata machela. Nilitaka niwaone watakavyomwingiza, nisije nikasahau sura ya hata mmoja wao.

Dafroza alikuwa ameshatangulia. Alisimama mlangoni kwake, mlango umefungwa nyuma yake.

"Mshusheni," alisema.

Wakamshusha kwenye majani. Rogasian akatabasamu. "Mama Dafroza, leo ni siku ya furaha. Mume wako amerudi."

"Amerudi na nini?"

"Na toba."

"Nilidhani amerudi na kidonda." Mtu mmoja nyuma alikohoa ili asicheke. "Na wa kukiosha mmempandisha pikipiki."

"Mawe," Cleophace alisema kwa sauti ndogo, "unatuaibisha."

"Wewe nyamaza. Aliyemtangaza baba yako akilia kwenye simu za watu ni nani, mimi?" Akamrudia Rogasian. "Nikuulize, Katekista. Yule mwanamke anafukuzwa kwa jina la nani?"

"Hafukuzwi. Ni sheria ya—"

"Kwa jina langu. Mke wa ndoa arudishiwe mume wake. Basi sikiliza. Mwaka ule aliponiletea mwenzangu, nilipiga magoti nikamwomba Mungu amchome mtu huyu. Sikuomba kwa mzaha. Niliomba nikitoka kukomunika, Mwili wa Bwana uko mdomoni. Nimeacha kuomba hivyo juzi juzi tu, mgongo ulipokataa na Salvina akawa ananiletea maji bila kuitwa. Jehanamu naijua mimi. Huyu mtoto wake anasema haipo, shauri yake. Mimi naiamini mpaka kwenye mifupa."

"Basi tuko pamoja," Rogasian alisema.

"Hatuko. Kwa sababu roho yangu inachokiogopa ni hiki: siku nikifika mbele, nitaulizwa. Dafroza, yule aliyeosha uvundo wa mumeo miaka yote, aliyetolewa nje ili wewe upewe mume, siku hiyo alilala wapi? Nijibu nini? Niseme Katekista alisema? Nyinyi mnamtoa huyu mzee motoni, mnaniingiza mimi. Siingii. Kwa ajili ya mguu huu wake? Siingii."

Tone la kwanza la mvua lilipiga jani la mgomba. Halafu mengine.

"Dafroza," Tata alisema kutoka chini. "Mvua."

"Naiona."

"Sasa unataka nini, mama?" Rogasian aliuliza. Sauti yake ilikuwa imepoteza kanisa.

"Salvina aingie humu. Asiingie kwa huyu mzee Ndyamukama, aingie kwangu. Atalala chumbani kwangu, tutakula chungu kimoja. Nyumba ya chini ifungwe. Mke wake hatakuwa tena. Huyu mzee hatamwita mke, na akimwita nitamchapa na fimbo yake mwenyewe. Lakini atamgeuza, atamwosha, kwa sababu mimi nimemtuma."

"Watu watasema bado ana wake wawili."

"Waseme. Wakimaliza kusema waje wamgeuze wao. Utakuja wewe?"

Rogasian alimtazama mtu aliyelala kwenye majani, mvua ikimpiga usoni. Akavua koti lake akamfunika. "Hilo si la kuamua mimi," alisema. "Aamue Padre."

"Akija mwambie. Mlango huu haufunguki mpaka Salvina apite."

Nilikimbia. Niliteleza kwenye kahawa nikaanguka, nikainuka, nikafika barabarani nimejaa tope. Mama alikuwa ameshakaa, godoro limefungwa nyuma yake, dereva anawasha pikipiki.

"Mama Mkubwa anasema ushuke. Uingie kwake."

"Kwa Dafroza? Niingie kama nani?"

Nilimweleza, pumzi zinanikatika. Alisikiliza mpaka mwisho, maji yanamtiririka puani.

"Nyumba yangu?"

"Itafungwa."

"Na mimi si mke tena."

"Si mke."

"Mtumishi wa Dafroza."

"Mtu wake, amesema."

Nilitaka aseme hapana. Nakiri hilo bila haya: baada ya kelele zote nilizopiga ili asifukuzwe, sehemu yangu moja ilitaka aende Igurwa kichwa juu, awaachie mguu wao. Kitu walichokuwa wanampa kilikuwa kidogo sana kuliko alichokuwa nacho asubuhi.

"Wamemweka wapi?"

"Kwenye majani. Nje."

"Kwenye mvua?" Alikuwa ameshateremka. "Wana wazimu hawa watu? Wewe dereva, nifungulie hilo godoro!"

Alipofika, hakumsalimu mtu. Dafroza alijisogeza kando, akausukuma mlango kwa kisigino, na wale wake wawili wakatazamana kwa mara ya kwanza siku ile. Hawakukumbatiana. Dafroza alisema tu, "Futa miguu," mama akafuta miguu, akaingia. Kisha machela ikapita.

Padre alifika mvua ilipokatika, kanzu yake ameikunja ndani ya mfuko wa nailoni. Rogasian alimpeleka pembeni wakaongea muda mrefu. Padre aliingia, akamkuta mama ameinama kwenye kitanda.

"Huyu ni nani?"

"Huyu ni wangu," Dafroza alisema.

Padre aliwatazama wote wawili, mmoja baada ya mwingine, kisha akatuomba sote tutoke amsikilize mgonjwa. Mlango ukafungwa.

Tulikaa nje tukisubiri. Dafroza na mama walikaa kwenye mkeka mmoja, chini ya bati linalodondosha, kila mmoja ametazama upande wake. Nilisimama karibu na Rogasian. Shati lake lilikuwa limemganda mgongoni.

"Mzee, nikuulize bila ugomvi. Kweli kabisa, unaamini kwamba upo?"

Alikamua maji kwenye mkono wa shati.

"Siku nikiacha kuamini," alisema, "nitalisubiri lile lori barabarani na panga."

Niliitazama mikono yake, rozari bado imo ndani.

Mlango ulifunguka. Padre alisimama pale, stola shingoni, na kile kichombo kidogo cha Komunyo mkononi. "Hawezi kumeza akiwa amelala," alisema. "Nani anajua kumkalisha?"

Cleophace alisogea hatua, akakumbuka ukelele wa mchana, akasimama. Dafroza alishika mgongo wake. Mama hakuinuka. Alikuwa anamtazama Rogasian, na sote tukamtazama Rogasian.

Mzee yule aligeuza uso kwenye kahawa.

"Mama Salvina," alisema, "Padre anasubiri."

Mama alijifuta mikono kwenye khanga akaingia. Safari hii hakuna aliyefunga mlango. Watu wote walipiga magoti palepale kwenye tope, Rogasian wa kwanza. Mimi nilibaki nimesimama, ili nione. Niliona kiganja cha mama kimeshika kisogo cha Tata, niliona Tata amefumba macho na kufungua mdomo, niliona kidole cha Padre. Tata alimeza. Mama akamfuta kidevu, akamlaza, mguu kwanza.

Padre alifunga kile kichombo. Mama hakupewa, na hakuomba.